Mtaalamu na Mgeni wa Ukutani

Mijusi ndio walioanza kuhama. Asubuhi hiyo mke wa Mtaalamu alikaa kwenye cherehani yake sebuleni, akainua macho ukutani, asione hata mmoja. Alipotazama chini aliwaona wakitoka kwa foleni chini ya mlango, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyegeuka nyuma. Mjusi ambaye juzi alikuwa akipigana ngumi na wenzake kwa ajili ya nzi mmoja, leo kampita nzi na hata hakumtazama.

"Wamesikia nipo likizo," mumewe alisema huku akijikuna tumbo. "Wananijua hao."

Jina la Mtaalamu alijibandika mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa na kufukuza nyoka na panya kwenye nyumba za watu, na ukimsikiliza ungedhani yeye ndiye aliyemfundisha nyoka kutambaa. Misibani alizungumzia kunguni. Harusini alizungumzia mchwa. Mkewe alikuwa amemchoka mpaka amechoka kumchoka, lakini walikuwa na Kidoti, binti yao wa miaka mitatu, na kwa ajili ya Kidoti angevumilia hata ndoa na pampu yenyewe ya dawa.

Alimwona Kidoti amechuchumaa kwenye pembe, kando ya kikapu cha vipande vya vitambaa, anapapasa kitu.

"Mama, mgeni," mtoto alisema. "Anasema anapita tu."

Ndani ya kikapu alikuwamo nyoka mweusi, mwembamba, kichwa kimeinuka. Hakuvimba wala hakutoa sauti. Alimtazama mama wa mtoto usoni, kwa adabu, kama mtu anayengoja apewe njia. Chumba kizima kilinuka marashi yaliyochacha.

Mama alimnyakua mwanawe, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa kabati. "Baba Kidoti," alinong'ona, "fungua mlango wa uani. Mwache aende zake. Huyu si nyoka wa kawaida."

"Kuna nyoka wa kawaida na nyoka wa ofisini?" Mtaalamu alicheka, akaenda kuchukua fimbo. Aliporudi nyoka alikuwa keshaingia kwenye ufa nyuma ya kabati.

Wenzake wa kazi hiyo, hata wale wavivu kabisa, huacha tundu moja la kutokea nje, mnyama akikerwa na dawa apate pa kukimbilia. Mtaalamu aliwadharau kwa hilo. Alisema mnyama akitoka kwake mzima atakwenda kwa jirani kumtangaza. Kwa hiyo yeye huziba kwanza, kila mahali, ndipo apulize. Alikoroga saruji na vigae vya chupa, akaziba ufa wa nyuma ya kabati, tundu la bafuni, nafasi ya chini ya mlango, mpaka kijishimo ambacho sisimizi wangepitia kwa kupishana. Kisha akajimwagia maji, akala, akakoroma.

Alasiri ukuta ulianza kukwaruzwa. Mkewe alisimamisha cherehani, akasikiliza. Mkwaruzo ulipanda taratibu kutoka sakafuni, ukapita nyuma ya kabati, ukafika usawa wa sikio lake, ukatulia. Kisha, kutoka ndani ya ukuta, ikaja sauti ya upole.

"Hodi."

Hakuitika, kwa maana ni nani awezaye kumkaribisha aliye ndani tayari, na sauti ikabisha tena, ikabisha na chumbani, ikabisha bafuni, ikizunguka nyumba kwa subira ya mtu mstaarabu anayejaribu kila mlango, kila mara ikiwa karibu kidogo zaidi na yale marashi yakizidi kuchacha mpaka koo likawasha, mpaka mwishowe ikabisha chini ya kitanda alikolala Kidoti, mara moja tu, na haikubisha tena popote.

Alipofika kitandani, Kidoti alikuwa sakafuni, kifudifudi, kichwa kimeinuka, baridi kama jiwe la kisima. Macho hayakupepesa. Ulimi ulitoka, ukaonja hewa, ukarudi.

"Nimebisha hodi nyumba nzima," mtoto alisema kwa sauti ya mtu mzima. "Mmezoea kuishi na wajinga, naona."

Mama alimbeba mpaka sebuleni, akatuma mtu kuita mganga. Mganga aliyekuja alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua, na hakuwa na muda wa kubembeleza mtu. Alimgusa mtoto shingoni, akapiga chafya, akatazama saruji mbichi ukutani.

"Nani kaziba?"

"Mimi," Mtaalamu alisema, kifua mbele.

"Nilijua. Sura inaonyesha." Alimgeukia mama. "Jini huyu hana ugomvi na nyinyi. Alikuwa safarini. Huyu bwana wako kamfungia, naye kaingia palipo laini. Zibueni atoke. Jua likizama akiwa humo, mtoto hatamudu."

Majirani walikuwa wamejaa dirishani, shingo ndefu. Mtaalamu aliwaona, akashusha sauti.

"Niseme nini kwa wateja? Mtaalamu kaziba, mganga kazibua? Hiyo ni homa tu. Itashuka."

"Mwanao anakufa," mkewe alisema.

"Basi ngoja watu watawanyike kwanza."

Mkewe alimtazama. Aliwahi kumchukia mumewe, aliwahi kumwonea huruma, lakini siku hiyo alimwona tu, mzima mzima, na ndani yake hakikuwamo kitu. Alichukua nyundo na patasi kwenye boksi la kazi la mumewe, akamsukuma kando kwa kiwiko, akalisogeza kabati, akaanza kuvunja saruji ya ufa.

"Akitoka, kila mtu afunge mdomo," mganga alionya. "Hata kukohoa mtu asikohoe. Anapita uwazi ulio karibu."

Saruji ilikuwa bado haijakauka vizuri, lakini vigae vilimkata vidole, na alipiga huku damu ikimtiririka mkononi na jua likipungua sakafuni, akipiga bila kutazama kando kwa kuogopa angeona kifua cha mwanawe kimesimama, mpaka patasi ikapenya na mwanga wa uani ukaingia kama uzi. Hapo Kidoti akafungua kinywa. Kitu cheusi kisicho na umbo kikamiminika, kikaanza kutambaa kuelekea kwenye ule mwanga, kimechoka, hakina haja na mtu. Mganga alijibana pua na mdomo. Mama aliuma midomo. Dirishani palikuwa kimya kama kaburini.

Mtaalamu aliwatazama wale majirani, wateja wake wote, wanavyomwona. Hakuweza kunyamaza.

"Mnaona?" alisema. "Hakuna ki..."

Hakumaliza. Kinywa chake kilibaki wazi kidogo, kikafungwa polepole. Macho yakaacha kupepesa.

Kidoti alilia. Alikuwa wa moto, amelowa jasho, anamtaka mama yake, na mama yake alimkumbatia akalia naye, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mtaalamu aliinama, akaanza kuokota vipande vya saruji kimoja kimoja. "Samahani kwa usumbufu, mama," alisema. "Vidole hivyo vifungwe." Akachagua kitambaa safi kikapuni, akamletea kwa mikono miwili. Katika miaka saba ya ndoa hakuwahi kumletea hata glasi ya maji.

Mganga alipenga kamasi. "Jini amechukia kukosa njia, lakini atazoea, na mtu mzima humudu. Nirudi kesho nimtoe?"

Kabla mama hajajibu, kutoka kifuani mwa mumewe, chini sana, mtu alianza kulia. Ilikuwa sauti ya Mtaalamu yenyewe, ile ya misibani na harusini, imebaki ndogo.

"Mke wangu, ni mimi. Nitoe. Kuna giza huku."

"Umesikia?" mganga aliuliza.

Mkewe alimfunga Kidoti mgongoni, akainuka, akamfungulia mganga mlango.

"Sijasikia kitu," alisema. "Usijisumbue kurudi."