Hodhi Tupu la Dona Hortênsia

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi Mei, Dona Hortênsia Medeiros alifungua mlango wa mbele, chupa ya mafuta mkononi, akapiga ukelele uliowatoa watu vitandani hadi nyumba ya saba. Bikira Maria hayupo. Lile hodhi la kuogea ambalo marehemu mumewe alilisimamisha uani, nusu ardhini na nusu juu kama pango dogo la buluu la kuwekea sanamu yake, lilikuwa tupu.

Filomena Quadros alifika wa kwanza, kwani hakuna habari mtaani iliyowahi kumtangulia. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, na kwa miaka minane alikuwa akipiga picha za watakatifu wanaosimama kwenye nyua za mbele za mji ule wa viwanda vya pamba, Massachusetts, Marekani, ambako kila Mreno wa visiwa vya Azori mwenye kiwanja cha hatua tatu lazima awe na mtakatifu wake. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Kila picha aliiandikia siku na saa.

"Shoga, umekuja kumpiga Bikira picha ya pasipoti?" jirani mmoja alimchokoza kutoka uzioni. "Umechelewa, ameshasafiri!"

Filomena hakucheka. Alikatiza nyasini kwenda kwenye hodhi, umande ukamlowesha soksi hadi vifundoni. Nati nne zilizoishikilia sanamu zilikuwa zimefunguliwa taratibu. Taa ya kioo iliyokuwa miguuni pa Bikira ilikuwa kizingitini pa nyumba, bado inawaka.

"Umeileta wewe hapa?" Filomena aliuliza.

"Nimeikuta papo hapo," Dona Hortênsia alijibu. "Tangu mwaka themanini na moja haijazimika, Filomena. Norberto wangu alikuwa na miaka sita, homa ya uti wa mgongo, madaktari wamenyanyua mikono. Nikamwahidi Bikira: mpe uhai, nami sitaondoka ulipo mpaka nife. Sasa yeye ndiye ameniacha."

Saa mbili kasorobo aliingia Sajenti Câmara wa polisi na daftari lake. Nyuma yake akaja Norberto mwenyewe, mwanaume wa makamo sasa, akihema.

"Muulizeni mlokole wenu huyo!" alifoka, akimnyooshea kidole mpangaji wa chini, Wanderley, fundi paa kutoka Brazili. "Jumamosi asubuhi nimekuja kukata nyasi, Bikira alikuwepo. Jumapili huyu anasema mbele za watu kwamba sanamu haina masikio. Leo haipo. Hesabu gani ngumu hapo?"

"Nilisema," Wanderley alikiri. "Kusema si kuiba, bwana."

"Fungasha," Dona Hortênsia alimwambia bila kumtazama. "Saa sita usiwe nyumbani kwangu."

Sajenti akaongeza kwamba wakati huo atapita kumchukua, wakazungumze kituoni. Wanderley akashuka kufungasha. Mabegi yake mawili yakatokea ngazini: miaka mitano ya maisha, na hayakujaa.

Filomena akabaki uani, akafungua kamera yake. Alikuwa amempiga picha Bikira huyo Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi na dakika ishirini jioni. Akaikuza picha. Mbele ya hodhi, katikati ya majani marefu, palikuwa na udongo mbichi, upana wa sahani. Akaenda jikoni, akachukua kijiko kikubwa, akachimba. Alichokitoa alikifuta udongo, akakitia mfukoni.

Saa tano na nusu aliwakusanya wote jikoni, akaweka mezani sanamu ya plastiki, ndogo kama kidole.

"Mtakatifu Yosefu," alisema Sajenti.

"Alizikwa kichwa chini. Nani hapa hajui maana yake?"

"Mimi sijui," alisema Wanderley.

"Anayetaka nyumba iuzike haraka humzika Yosefu hivyo uani, na hamfukui mpaka mnunuzi apatikane. Wewe ungemwomba Yosefu akuuzie nyumba?"

"Mimi hata mkate simwombi aniuzie, dada."

Sajenti alikohoa kuficha kicheko.

"Basi aliyezika anaamini," Filomena aliendelea. "Na aliyechukua Bikira anaamini, maana aliihamisha taa isizimike. Mwizi gani wa sanamu ana huruma na taa? Norberto, Jumamosi ulikata nyasi?"

"Nimeshasema."

Akamsogezea kamera. "Saa kumi na dakika ishirini, jioni ya siku hiyo. Nyasi zimefika magotini pa Bikira. Asubuhi ile hukushika mashine, mwanangu. Ulishika koleo."

Norberto alimtazama mama yake, uso ukamvunjika.

"Umeanguka ngazini mara mbili, mama! Kila nikikwambia njoo kwangu, unanijibu Bikira, Bikira. Mnunuzi nimempata. Nikasema Bikira asipokuwepo, utakuja. Yuko kwenye buti la gari, nimemfunika blanketi."

"Na huyu kijana?" mama aliuliza polepole. "Ungemwacha alale mahabusu?"

Norberto alipapasa funguo za gari mfukoni.

"Ungeniambia nyumba imekuchosha, ningekukatalia huku nakupakulia chakula. Sasa hata kukupakulia siwezi. Toa funguo za gari."

Sajenti alifungua daftari. Dona Hortênsia akalifunga kwa kiganja. "Ya mwanangu niachie mimi." Kisha akamgeukia mpangaji. "Wanderley, nimekukosea. Rudisha mabegi chini. Halafu njoo tumbebe Bikira."

"Dona, mimi siamini sanamu."

"Nani kakwambia uamini? Shika miguu."