Ski Kwenye Mbegu za Pamba

Milembe alimdharau Januarius kabla hata hajamjua jina. Ilikuwa Jumamosi, sokoni Bariadi watu wamejaa, naye amesimama mlangoni mwa duka lake la vitenge, gauni la kijani limemkaa mwilini, anatazama wapita njia kwa jicho la mtu asiyependezwa na lolote. Ndipo likaja jitu refu limevaa sweta la sufu. Sweta, jua lile. Begani limebeba mbao mbili nyembamba zilizopinda mbele. Likageuka kumwamkia mtu, mbao zikageuka nalo, zikalikumba sanamu la kuvalishia nguo likaanguka vumbini na kitenge chake kipya.

"Samahani dada," yule mtu akasema. "Hizi zinaitwa ski."

"Kwani nimekuuliza?"

Hakuulizwa, lakini alieleza. Alikuwa Norway akisomea mitambo, watu wa huko wanavaa mbao hizo miguuni wanateleza kwenye theluji, na sasa yeye ni fundi katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba upande wa Sola. Milembe akampandisha na kumshusha. Akamuuliza Bariadi theluji ameiona wapi.

"Nitaitafuta," akajibu, kama mtu anayeahidi kutafuta chumvi.

Kisha akainama, akalisimamisha sanamu, akalikung'uta vumbi na kulifunga kitenge upya, taratibu, bila kulishika hovyo. Ana mikono mizuri, Milembe akakubali moyoni, kwa shingo upande. Sweta lake hakulisamehe.

Rafiki yake Muzdalifa, mwenye duka la vyombo pale jirani, alipomuuliza habari za yule kijana wa mbao, Milembe alisema hana muda na mshamba aliyetoka Ulaya. Hapohapo simu ikaita, naye akaikimbilia nyuma ya marobota. Muzdalifa akabaki anacheka peke yake.

"Umekula, mrembo?" Januarius akauliza.

"Wewe nikila nisile unapungukiwa nini?"

"Usingizi."

"Kanywe dawa," Milembe akasema, na hakukata simu mpaka chaji ikaisha.

Wakapendana hivyo, mmoja akibembeleza na mwingine akibeza. Mshenga akaenda Sola kwa mama yake Milembe, mama Felisita, mjane aliyelima pamba maisha yake yote, naye akaridhika. Ikabaki kupeleka mahari tu. Januarius kwa furaha yake akatangaza safari ya ski. Wikendi nzima, ndugu na marafiki wote, kiwandani kwao, ambako mbegu zilizochambuliwa zilirundikwa uwanjani mpaka zikapita paa la ghala, nyeupe za kijivujivu kwa nyuzi zilizobakia. Hiyo ndiyo theluji aliyoitafuta.

Milembe alikwenda kwa kejeli, kamvalia suruali mpya na miwani myeusi. Kaka yake Mboje aliendesha gari, Muzdalifa akabeba vitafunwa, na mama Felisita akapakiwa nyuma akilalamika kwamba watu wazima wamepatwa na nini. Wageni walilala kwa mama. Januarius alilala kiwandani, maana mkwe halali kwa mama mkwe wake. Hata mkono hawapeani. Wanaamkiana kwa mbali, macho chini, na wakigusana si jambo la kucheka, uchumba unaweza kuvunjika hapohapo.

Jumapili ile Januarius akavaa sweta, akavaa viatu vyake vizito, akapanda na ski zake mpaka kileleni. Akajisukuma. Mbao zikazama kwenye mbegu, yeye akaenda kifudifudi, akainuka anatema mbegu kama kuku mgonjwa. Milembe alicheka mpaka akavua miwani. Mboje akachukua salfeti tupu, gunia la nailoni, akaikalia, akashuka nayo kwa kasi mpaka chini. Kuanzia hapo ski hazikutazamwa na mtu. Wote wakashuka na masalfeti, mama Felisita amekaa kivulini kwa mbali, amempa mkwe mgongo, anasonya.

Mchana wafanyakazi wenzake Januarius walikwenda kula. Mboje, Milembe na Muzdalifa wakafuata chakula nyumbani. Mama alisema amechoka, atawangoja palepale kivulini, na mkwe alikuwa ndani ya ghala akihangaika kuvua viatu vyake.

Waliporudi, mama alikuwa ameketi chini karibu na lundo, kitenge kimemzunguka upande, mbegu zimejaa kichwani. Januarius amesimama mbali kainamisha uso.

"Nimemshika mama," akasema. "Kosa ni langu."

Mama hakusema ila apelekwe nyumbani. Huko akakata shauri: mwanaume aliyemshika kiuno hawezi kumuoa binti yake. Milembe akampigia Januarius simu.

"Ulifuata nini kwa mama yangu?"

"Kosa langu, Milembe."

"Nimeuliza ulifuata nini."

Angesema neno moja tu angesikilizwa, lakini alinyamaza, na Milembe akammwagia yote aliyokuwa nayo. Kwamba Norway walimfundisha kuteleza, heshima hawakumfundisha. Kwamba hana maana yeye, sweta lake na mbao zake, na namba yake anaifuta. Akaifuta kweli, ingawa aliijua kwa kichwa.

Dukani aliendelea kuuza kama kawaida. Muzdalifa alipomgusia habari hiyo, alisema mtu kama yule hata kumkumbuka ni kujishusha. Uongo mtupu. Alimkumbuka kutwa, na kila simu ilipoita aliidaka, na alijichukia kwa hilo.

Jumapili moja alikuwa Sola kwa mama yake, wametoka kanisani, mama ameingia ndani kubadilisha nguo. Milembe akaona watu wawili kwenye uzio wa minyaa. Mmoja alikuwa mzee Ngassa, mjomba wa Januarius, na shuka jipya begani. Wa pili alikuwa Januarius mwenyewe, amevaa shati la kawaida, anamvuta mbuzi. Hawakuingia. Mzee akamwamkia mama kwa Kisukuma, kwa sauti, "Mwangaluka, mayu," na Januarius akachuchumaa palepale nje, vumbini.

Milembe akatoka, mikono kiunoni.

"Mbuzi mwenyewe amekonda."

"Atanenepa," Januarius akasema. "Nimekuja kuomba radhi kwa mama. Akikataa nitarudi na mwingine."

"Umedhani heshima inanunuliwa mnadani? Bado hujanijibu. Ulifuata nini?"

Januarius akatazama mlango wa nyumba, akashusha macho. Milembe akacheka kicheko kibaya. Akamwambia hata uongo wa kujitetea umemshinda, mwanaume gani huyo, na akageuka arudi ndani.

"Mwache," sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia la mlango. "Nilipanda mwenyewe."

Milembe akaligeukia pazia.

"Mlipoondoka nilichukua salfeti nikapanda. Tangu utoto nimeilima pamba. Nimeibeba kichwani, nimeibeba mgongoni. Haijawahi kunibeba mimi hata siku moja. Nikataka inibebe. Nikashuka, nikashindwa kusimama, nikawa naelekea kwenye trela la chuma. Nikapiga kelele. Huyo akatoka ghalani mbio na viatu vyake vya ajabu, akanidaka. Ningepasuka kichwa. Nikaona aibu, nikamwachia yeye kosa. Naye akalibeba."

Milembe akasimama katikati ya uwanja. Dharau yote aliyowahi kuwapa watu ilimrudia. Akamsogelea Januarius, naye akachuchumaa vumbini kwa gauni lake la kanisani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama mkwe anasemwa?"

Machozi yakamtoka, hakuyaficha. "Nilikutukana sana. Nisamehe. Namba yako sikuisahau hata siku moja."

"Najua. Ulikuwa unapiga na kukata."

"Lile sweta utalichoma moto," akasema, anafuta uso. "Halafu lete mahari."

"Na ski?"

Kabla hajajibu, mama akakohoa kule ndani.

"Mbuzi aingizwe zizini," akasema. "Na mwambieni mkwe, msimu ujao lundo likishajaa anijulishe siku ambayo yeye hatakuwepo kiwandani."