Babu Ananyanyua Kichwa

Kila asubuhi Mama Pindo alifuta cherehani mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya marehemu mumewe, na ilikaa bila kazi tangu mwaka juzi. Aliifuta hivyo hivyo. Aliitia tone la mafuta, akazungusha gurudumu mara moja kwa mkono, akasikiliza.

"Bado mzima wewe," aliiambia, kisha akaketi kwenye yake.

Jina la Mama Pindo alipewa na mumewe, kwa utani, enzi zile wangali vijana wakigombania mkasi mmoja. Baadaye mtaa mzima ukalishika.

Siku moja binti yake alipiga simu kutoka mbali anakoishi. Alikuwa na mtoto wa miezi tisa.

"Mama, ile video ya baba vipi?"

"Nimetuma mara tatu, mwanangu. Inazunguka, inazunguka, halafu inagoma."

"Ni nzito. Na simu yangu imejaa. Nilitaka mtoto amjue babu yake hata kwa sura. Basi nikatie kipande tu. Pale baba anaponyanyua kichwa."

Neno kukata lilimchoma Mama Pindo. Video ya mumewe ilikuwa moja tu: dakika kumi na nane, mzee anashona. Zamani ilikuwapo nyingine, ya harusi ya binti huyo huyo. Mama Pindo aliipunguza mwenyewe kwenye simu, akabonyeza kuhifadhi. Simu ikahifadhi kile kipande juu ya video nzima. Zikabaki sekunde kumi za viti vitupu. Alikuwa amekata kwenye jora lenyewe.

"Hii siigusi tena," alisema. Lakini mchana kutwa alimwona yule mtoto moyoni. Jioni haijafika, alivuka barabara.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka dogo la kuchapa barua na kutoa nakala. Mwenye duka aliitwa Dada Chapa.

"Shikamoo, Mama Pindo."

"Marahaba. Nimekuja na mume wangu mfukoni. Ukimpoteza, wewe na mimi basi."

Dada Chapa alicheka, kisha akaona uso wa mgeni wake, akaacha kucheka. Akavuta kigoda.

"Keti hapa uone kila kitu. Jambo la kwanza hatukati. Tunanakili."

Aliunganisha simu na kompyuta kwa waya. Akanakili video, akaipa ile nakala jina jipya, akaitenga kwenye folda yake. "Ya kwako ipo vilevile. Ifungue uhakikishe."

Mama Pindo akaifungua. Mumewe alikuwapo, miwani puani, futi ya kupimia shingoni. Akashusha pumzi.

"Sasa tutatengeneza picha inayojongea," alisema Dada Chapa. "Si video. Ni picha nyingi zinazofuatana upesi, zinajirudia zenyewe. Mtoto habonyezi kitu. Programu ninayotumia ni ya bure, hata wewe unaweza kuiweka kwenye kompyuta. Haya, tuchukue wapi?"

"Chukua yote. Mimi situpi hata mabaki."

"Mama!"

"Basi dakika mbili."

Dada Chapa hakubisha. Akaweka dakika mbili. Kompyuta ikanguruma muda mrefu. Faili lililotoka lilikuwa zito kuliko video yote.

"Umeona? Picha za namna hii hulemea haraka. Tuchukue sekunde chache tu. Upana tuupunguze, nukta mia nne zinatosha kwa simu. Na picha kumi kwa kila sekunde."

Wakachagua sekunde tano. Faili likawa jepesi. Mzee alinyanyua kichwa, akatabasamu, halafu ghafla kichwa kikaruka chini. Akanyanyua tena. Kikaruka tena.

"Anashtuka kama kaumwa na siafu," alisema Dada Chapa. "Sijui nirekebishe wapi."

Mama Pindo alisogeza kigoda. Alitazama mara nne. Mara ya tano akagusa kioo kwa kidole.

"Mshono wako haukutani. Ukiunga kitambaa cha maua, ua la huku lazima likutane na nusu yake ya kule. Wewe umeanza kichwa kikiwa chini, ukamaliza kikiwa juu. Ngoja ainame tena. Pale, jicho linaporudi kwenye sindano. Kata hapo."

Dada Chapa akaongeza sekunde moja, mwisho ukafanana na mwanzo. Akachagua picha ijirudie bila kikomo, akaihifadhi kama faili ambalo jina lake huishia kwa herufi tatu, GIF.

Mzee akainama kwenye kitambaa. Akanyanyua kichwa. Akatabasamu lile tabasamu la upande mmoja, kama anayetaka kuomba mkasi. Akainama. Mshono haukuonekana.

"Alikuwa ananiangalia mimi," alisema Mama Pindo taratibu. "Nilikuwa nimeketi pale mbele." Kisha akauliza, "Mbona kimya? Sauti yake iko wapi?"

"Picha hizi hazina sauti, Mama. Sauti imebaki kwenye video yako."

"Haya," alisema, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Tuma."

Mara hii ilikwenda papo hapo.

Kesho yake asubuhi, Mama Pindo alipokwisha kufuta cherehani mbili, hakuketi kwenye yake. Aliketi kwenye ile nyingine. Akatia uzi, akaanza kupinda shuka. Simu ikalia. Aliiweka kwenye spika, akailaza mezani bila kuacha kukanyaga.

"Mama, anacheka!" Binti alikuwa karibu kulia. "Kila baba akinyanyua kichwa, naye anacheka. Hachoki!"

"Babu yake naye alikuwa hachoki. Ngoja nisimamishe huu mtambo nikusikie vizuri."

Akaondoa mguu. Chumba kikatulia. Kule mbali mtoto akaanza kulia.

"Mama, usiache! Shona! Anaangalia picha, anasikia cherehani. Anadhani ni babu anashona."

Mama Pindo akarudisha mguu. Gurudumu likazunguka. Kilio kikakatika, kikaja kicheko.

Siku hiyo shuka moja lilipindwa pande zote nne, na simu ikiwa wazi.