Makopo Yenye Alama Nyekundu

Kila siku saa tisa alasiri Chiriku alirudi kutoka shuleni, akatupa mkoba kitandani, akanawa mikono bombani, kisha akachukua rula na daftari la jalada gumu na kwenda barazani kupima kunde. Hiyo ndiyo kazi aliyokabidhiwa mwezi ule, na aliipenda. Afadhali kupima kunde kuliko kusugua masufuria. Isitoshe, kunde hazimkatizi mtu maneno.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya shule tu. Nyumbani aliitwa Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajafumbua jicho la pili.

Nyumba ilikuwa ya bibi yake. Ilikuwa na vyumba sita, bomba moja, na kuta nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakuombea afya. Chumba cha mbele alipanga fundi cherehani, mtu aliyejua habari za mtaa mzima, maana mtu akipimwa kiuno hulegeza na ulimi. Chumba cha mwisho alipanga mwanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwa ng'ambo ya barabara, kijana mrefu, mwembamba, aliyekumbatia makaratasi yake kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Wote walimwita Kaka Msomi.

Kaka Msomi alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya pili, na utafiti huo ulikuwa umemkondesha. Mwaka uliopita upepo uliezua paa la banda la mimea pale chuoni, mvua ikazamisha miche yake yote. Mwaka huu banda lilikuwa na foleni ndefu. Ofisi ya kwanza ilimtuma ya pili, ya pili ikamtuma ya tatu, na ya tatu ikamuuliza kwa nini hakuanzia ya kwanza.

"Nimezungushwa kama pia!" alilalamika siku moja, ameketi kizingitini. "Jopo la walimu litakaa kunihoji, na mimi sina hata mche mmoja. Nisipokuwa na matokeo, sihitimu. Wenzangu watavaa majoho, mimi nitawashikia mikoba."

"Si ufanyie hapa barazani?" Bibi akamwambia. "Mimi nitasogeza kiti."

Mhadhiri aliyemsimamia alikubali. Basi baraza ya Bibi ikaezekwa plastiki angavu, yakapangwa makopo thelathini katika safu tatu, kila safu na aina yake ya mbegu ya kunde. Katika kila safu makopo matano yalipakwa alama nyeupe. Hayo Kaka Msomi aliyamwagilia kila asubuhi. Matano mengine yalipakwa alama nyekundu. Miche iliposhika vizuri, makopo mekundu yalikatiwa maji kwa siku kumi na nne.

"Kwa hiyo tunaziua?" Chiriku aliuliza.

"Tunaziuliza swali, mdogo wangu. Ipi itavumilia ukame? Sasa sikiliza. Mimi mchana niko darasani. Wewe utapima urefu, utahesabu majani yaliyonyauka, na utaandika. Kopo lenye nyekundu, hata tone usilipe. Na kila kinachotokea, kiandike."

Fundi cherehani alitoa kichwa dirishani. "Maskini kunde! Zimefungwa bila kesi."

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya nne makopo mekundu yakaanza kuinamisha vichwa. Ya safu ya tatu ndiyo yaliyomtia Chiriku uchungu zaidi. Miche yake ilichelewa kuota, na majani yake yalikuwa madogo kama kucha za mtoto. Siku ya tano yalikuwa yamejikunja kabisa.

Chiriku alitazama huku na huku. Bibi alikuwa jikoni. Cherehani ya fundi ilikuwa inanguruma. Akachota maji kwa kikombe cha bati, akayagawa kwenye makopo matano mekundu ya safu ya tatu, kidogo kidogo, kama anayemnywesha mgonjwa. Kisha akafungua daftari. Penye nafasi ya "Maji" akaandika kwa mwandiko wake mzuri: hakuna.

Lilikuwa neno moja tu. 

Kesho yake akarudia, na kesho kutwa vilevile. Siku ya kumi, kunde nyekundu za safu ya kwanza na ya pili zilikuwa zimelala kama matambara yaliyokamuliwa. Za safu ya tatu zilisimama, kijani kibichi.

Kaka Msomi alipoziona alipiga magoti na kushika kichwa. "Haiwezekani! Siku kumi bila maji? Chiriku, unaona ninachokiona?"

"Naona," Chiriku alijibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Siku ile ile aliamua kuacha. Lakini siku moja tu bila kikombe chake, kunde zilianza kulegea, na Kaka Msomi akazitazama kwa uso wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amezidiwa. Chiriku akamwagilia tena. Uongo ule ulikuwa umegeuka mfugo. Kila siku ulidai kulishwa.

Kaka Msomi naye hakuwa na muda wa kushuku. Jopo lilikuwa likae Ijumaa. Mashine ya kuchapisha pale maktaba ilikwama karatasi mara nne, akarudi na wino hadi kwenye kidevu. Mara aliambiwa kurasa zake zimezidi, mara pambizo ni nyembamba. Kila aliporudi alitupa viatu, akalaani ofisi moja baada ya nyingine, kisha akachungulia safu ya tatu na kutabasamu.

Jumatano, siku ya kumi na tatu, mhadhiri alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Bibi alimpa kile kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Fundi cherehani aliacha suruali ya mteja na mguu mmoja, akaja kusimama mlangoni asipitwe na neno.

Mhadhiri alitazama safu ya tatu muda mrefu. "Ajabu," alisema. "Nani ameandika daftari hili?"

"Mimi. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una mwandiko mzuri kuliko wanafunzi wangu." Akamgeukia Kaka Msomi. "Unajua maana yake? Kuna wakulima mia mbili huko kwenye ardhi kavu wanasubiri jibu letu. Jopo likikubali Ijumaa, mbegu namba tatu wanagawiwa msimu huu huu. Wengine hawana akiba nyingine. Wataipanda shamba zima."

Chiriku aliitazama ile safu ya tatu. Aliyaona mashamba mia mbili, marefu kuliko macho, yote yenye alama nyekundu. Nani angezunguka huko kote na kikombe cha bati?

"Nimezimwagilia," alisema.

"Ndiyo, zile nyeupe," Kaka Msomi alisema bila kugeuka.

"Nyekundu. Za safu ya tatu. Tangu siku ya tano. Zilinitia huruma, Kaka. Halafu nikaandika hakuna."

Mhadhiri alilifunua daftari hadi siku ya tano. Kaka Msomi alitazama makopo, akatazama daftari, akakaa chini palepale sakafuni.

Fundi cherehani alikohoa. "Mimi pia... ile chupa ya kunyunyizia nguo kabla ya pasi. Nilikuwa nazipulizia usoni hizo hizo za safu ya tatu zipate nafuu. Kidogo tu."

"Hata wewe?" Kaka Msomi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Basi na mimi niseme," Bibi akasema huku akirekebisha kitambaa chake kichwani. "Nilimwagia kopo moja la safu ya pili maji ya kuoshea mchele. Lakini hayo si maji, mjukuu wangu. Ni kama uji."

"Nyumba nzima!" Kaka Msomi alipiga kelele. "Nyumba nzima ya wenye huruma, na hakuna hata mmoja wa kunihurumia mimi!" Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mhadhiri alivua miwani. "Ijumaa haipo tena," alisema taratibu. "Itabidi aanze upya, apande wiki hii hii. Jopo litakaa tena baada ya miezi miwili. Mahafali ya wenzake yatampita."

Jioni ile sauti ya Kaka Msomi ilipenya ukuta, akiongea kwenye simu. "Hapana, mama, si mwezi huu... Ndiyo, najua umeshawaambia ndugu wote... Sijui, mama." Chiriku alijifunika shuka kichwani, lakini ukuta haukumsaidia.

Siku mbili Kaka Msomi hakumsemesha. Siku ya tatu Chiriku alimkuta barazani anajaza udongo kwenye makopo, peke yake, kwa hasira, udongo ukimwagika. Akachuchumaa kando yake na kuanza kujaza.

"Nisamehe, Kaka. Unaweza kumpa mtu mwingine daftari."

Kaka Msomi alijaza kopo zima kabla ya kujibu. "Nani? Fundi na chupa yake? Au Bibi na uji wake?" Hakucheka, lakini alimsogezea koleo. "Wewe ndiye uliyesema wa kwanza, kabla hujabanwa. Daftari ni lako. Ila safari hii, Chiriku, ukishindwa kujizuia, andika."

Wakapanda, wakasubiri, wakakata maji. Fundi aliitundika chupa yake kwenye msumari wa juu kabisa. Bibi aligeuza kiti, akazipa kunde mgongo. "Siwezi kuziangalia," alisema. "Zitanisemesha." Chiriku alipima kila siku saa tisa, akajiuma midomo, akaandika.

Safari hii miche ya safu ya tatu ilikuwa ya kwanza kukata tamaa. Ile ya safu ya kwanza, ambayo hakuna aliyewahi kuijali, ilisinyaa na kukunja majani, lakini ikabaki hai hadi siku ya kumi na mbili. Haikuwa habari ya kumfanya mtu apige magoti. Ilikuwa kweli.

Mhadhiri alipokuja kulikagua daftari kabla ya jopo, alivaa miwani na kusoma ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika siku ya nane alisimama, akasoma kwa sauti:

"Safu ya tatu, nyekundu. Zote zimekufa. Maji: hakuna, ila chozi moja, kopo la nne."

Fundi aliangua kicheko. Kaka Msomi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile.

Chiriku aliona aibu. "Liliniponyoka, mwalimu. Kaka alisema kila kinachotokea kiandikwe."

"Na umefanya vyema." Mhadhiri alifunga daftari na kulikumbatia. "Sikiliza, mwanangu, na ninyi wakubwa msikie. Huruma haikuwa kosa. Ungeandika siku ile 'nimemwagilia kikombe kimoja', tungepoteza makopo matano tu. Neno 'hakuna' ndilo lililotupotezea miezi miwili, na lingewapotezea wakulima mashamba. Kopo lililoharibika hupandwa tena. Daftari likidanganya, hatujui hata pa kuanzia kupanda."

Akampa Kaka Msomi daftari. "Twende. Jopo linatusubiri, na huyu atakuja nasi. Wakiuliza kuhusu kopo la nne, atawajibu mwenyewe."

"Mungu wangu," Kaka Msomi alisema akitafuta viatu vyake. "Akianza kuongea huyu, jopo halitatoka leo."