Vumbi la Oleta

Kila asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, mama yake Oleta alitoa vumbi ndani ya nyumba kwa koleo. Si kwa ufagio, kwa koleo! Mwaka huo wa 1936, mwaka wa ukame, upepo wa Oklahoma, Marekani, ulikuwa umeling'oa shamba lao la ngano na kulimwagia jikoni. Baba alikuwa kibaruani, akitengeneza barabara, na ng'ombe wao wawili waliobaki walihesabika mbavu.

Siku hiyo walimtarajia Bi Haskins, mpigapicha wa serikali. Picha zake zingepelekwa Washington, na huko ndiko ingeamuliwa kama wilaya yao ipewe nyasi kavu za mifugo. Oleta, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliingiwa na hofu. Wasipotuonea huruma, ng'ombe watakufa, aliwaza. Basi Mama alipokwenda kisimani, akarudisha ndani ndoo mbili za vumbi na kulimwaga sakafuni. Kisha akamvua viatu mdogo wake, Virgil, na kumpaka majivu usoni.

Mama alirudi akiongozana na mgeni. Alipofungua mlango, almanusura aangushe ndoo.

"Jamani! Si nimetoka kusafisha hapa sasa hivi?"

"Upepo, Mama," Oleta akasema haraka.

"Upepo gani? Tangu alfajiri hakuna hata jani lililotikisika!"

Bi Haskins aliinua kamera, akaishusha. Alimtazama Virgil: uso umejaa majivu, miguu safi kabisa.

"Viatu vyako viko wapi, bwana mdogo?"

"Kwenye pipa la unga," Virgil akajibu. "Oleta kaviweka. Kanipa na sukari nisiseme."

Mama akashika kiuno. "Oleta! Mimi nakonda kwa kutoa vumbi, wewe unalirudisha? Na viatu kwenye unga tunaokula! Una akili timamu, mtoto wewe?"

Bi Haskins naye akafunga mkoba wa kamera kwa hasira. "Nimechoka na mambo haya, Mama Tackett. Mwezi jana picha moja ya kupangwa ilitoka gazetini. Sasa wakubwa wanasema njaa yote ya huku ni maigizo. Nikiwapelekea nyingine, wilaya nzima isahau nyasi."

Oleta akaangua kilio. "Ni mimi, bibie! Mama hajui lolote. Niliogopa hatutaonekana maskini vya kutosha. Tafadhali usiondoke, nitalizoa vumbi lote."

Akalizoa mpaka mgongo ukamuuma. Mama akaandaa meza huku akinung'unika.

"Mbona umezifudikiza sahani?" Bi Haskins akauliza.

Mama akashangaa. "Kwani watu huandaaje? Ukiziacha wazi, kabla hujamaliza kusali zimejaa mchanga."

Bi Haskins akaufungua mkoba tena. Akampiga Mama picha akiwa vilevile, amekunja uso mbele ya sahani zake.

Wiki tano baadaye treni ilileta nyasi. Pale stesheni, mikokoteni ya majirani ilipanga foleni hadi nje ya mji.

"Unawaona hawa?" Mama akasema. "Shida yetu ilitosha, mwanangu, nawe ukaitia chumvi. Ukilitia chumvi jambo la kweli, watu hawaliamini tena. Na wangeumia hawa wote, si sisi tu."

Nyuma yao alisimama Bwana Pruitt, aliyebakiwa na ng'ombe mmoja. Akawasalimu kwa furaha. Oleta hakuweza kumtazama usoni.