Watoto Arobaini Waliozirai

Nyumbani kwa akina Redio siku ilianza na ubishi. Si ugomvi, la hasha! Ulikuwa ubishi mtamu, wa watu wanaopendana na kujuana udhaifu. Baba alikuwa mkulima wa mahindi, mama mpishi wa uji pale shuleni. Na wiki hiyo mji mzima ulikuwa unabishania jambo moja tu: fedha za serikali za kilimo na chakula. Zinunue mbolea ya wakulima, au zinunue uji wa wanafunzi? Kabla ya kuamua, halmashauri ilikuwa imewaita wananchi ukumbini waseme ya moyoni.

"Mbolea," baba alisema akivaa mabuti. "Bila mkulima hakuna kula."

"Uji," mama alijibu akijifunga aproni. "Bila kula, huyo mkulima wa kesho atatoka wapi?"

"Mtoto ana kwao. Atakula kwao."

"Kwao wapi, baba watoto? Kwako wewe, ambaye juzi ulichemsha maji yakaungua?"

Baba alicheka mpaka buti la kushoto akalivaa mguu wa kulia.

Redio alikuwa anawasikiliza huku anamvalisha mdogo wake sare. Jina lake halisi majirani walikuwa wameshalisahau. Walimwita Redio kwa sababu habari ikimwingia sikioni haipumziki hata kidogo. Hapo hapo inatokea mdomoni, tena imenenepa njiani. Na leo alikuwa na habari kubwa kuliko zote: yeye ndiye angesimama ukumbini kuutetea uji, mbele ya madiwani, wakulima, wazazi na mji mzima!

"Utasema nini lakini?" mama aliuliza.

"Utasikia mwenyewe, mama. Nitawaliza!"

Redio alikuwa na sababu ya kujiamini. Kwenye chama cha mdahalo pale shuleni, hoja ya kawaida ilipata alama moja, na hoja yenye takwimu ilipata alama mbili. Takwimu imetoka wapi, hakuna aliyeuliza. Basi Redio akajifunza kuzichuma hewani kama mtu anayechuma mapera. Siku moja alitangaza kwamba asilimia tisini na tatu ya kuku hawapendi mvua. Wenzake wakapiga makofi, na yeye akaandikiwa alama mbili zake safi.

Njiani alikutana na mpinzani wake, mvulana mrefu mwembamba ambaye wote walimwita Msumari. Yeye angeitetea mbolea.

"Redio, leo betri zimejaa?"

"Zimejaa pomoni. Wewe angalia tu usije ukagongwa kichwani."

"Thubutu! Leo nakuzima mapema, kabla hata ya taarifa ya habari."

Ukumbi ulikuwa umefurika. Feni iliyokuwa darini ilizunguka kwa kulalamika, na kipaza sauti kilikuwa kimezungushiwa utepe wa gundi kama mtu aliyevunjika mkono. Desturi ya pale ilikuwa watoto wafungue mjadala, eti wakubwa wakishawasikia wataona haya kutukanana. Haikufanikiwa kila mwaka, lakini desturi ni desturi. Mbele waliketi madiwani, na katikati yao Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti laini na miwani iliyoning'inia kifuani. Baba alikaa na wakulima wenzake. Mama aliingia akihema, aproni bado iko kiunoni, akasimama nyuma karibu na mlango.

Msumari alianza. Alisema vizuri, mkorofi yule! Alieleza jinsi udongo unavyochoka na mahindi yanavyodumaa, na wakulima wakamshangilia mpaka viti vikatikisika. Karatasi ya Redio ilikuwa na hoja nzuri, lakini zote ziligeuka kuwa za alama moja moja. Alipofika kwenye kipaza sauti, mdomo ukamtangulia.

"Waheshimiwa! Katika shule yetu, kila wiki, wanafunzi arobaini wanazirai kwa njaa!"

Ukumbi mzima ukasema "Aaaa!" Bibi mmoja akashika kifua. Redio akaona raha iliyoje!

"Arobaini! Wanaanguka kama maembe! Hivyo naomba uji uongezwe!"

Alirudi kwenye kiti akielea. Makofi yalikuwa ya kupasua masikio. Lakini kulikuwa na diwani mmoja aliyekuwa na tabia ya kufumba macho anapowaza. Sasa akayafumbua.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema taratibu. "Shule hiyo inaletewa unga wa uji. Karatasi za kupokea unga nimezisaini mimi mwenyewe. Kama watoto arobaini wanaanguka kwa njaa kila wiki, basi naomba kujua: unga huo unakwenda wapi? Na mpishi ni nani?"

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Mama alikuwa amesimama pale pale mlangoni, ameshika ncha ya aproni.

"Napendekeza," diwani aliendelea, "mpishi asimamishwe kazi na uji usitishwe, mpaka uchunguzi ufanyike."

Minong'ono ikaanza. "Kumbe!" "Ndiyo maana amenawiri!" "Unga wa watoto, jamani!" Mwenyekiti akagonga meza na kutangaza mapumziko mafupi ya chai.

Redio alikimbilia nje kwenye ngazi. Mama alikuwa ameshafika, na baba anakuja nyuma yake akiwa amekunja uso.

"Mwanangu," mama aliuliza kwa sauti ya chini, "hao arobaini ni akina nani? Mimi nawapakulia wote kwa mkono wangu. Sijawahi kumwona hata mmoja ameanguka."

"Niliongeza kidogo, mama."

"Kidogo? Wa kweli walikuwa wangapi?"

Redio aliangalia viatu vyake. "Hakuna."

"Sifuri ukaifanya arobaini!" baba alisema. "Laiti mahindi yangu yangeongezeka hivyo, nisingehitaji mbolea." Kisha akarekebisha koti lake. "Naingia kuwaambia ukweli."

Mama akamshika mkono. "Hapana, baba watoto. Ukiingia wewe watasema mume anamtetea mkewe. Aliyewaangusha hao watoto ndiye atakayewainua."

Redio alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ngazi zilikuwa za saruji. Alimwangalia mama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mikono iliyokuwa ikikoroga uji tangu Redio hajaanza shule ilikuwa inakunja na kukunjua aproni.

Watu waliporudi ukumbini, Redio alikuwa ameshasimama kwenye kipaza sauti.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Lakini zamu yako imekwisha."

"Najua. Ila wale watoto arobaini hawapo. Niliwatunga."

Mtu wa nyuma akaangua kicheko, na kicheko kikazagaa.

"Hakuna aliyezirai hata mmoja?" Mwenyekiti aliuliza.

"Yupo mmoja, ila na yeye alikuwa anajifanya. Ilikuwa siku ya mtihani wa hesabu." Bila kukusudia, Redio alimtazama Msumari.

"Ah, Redio, na wewe!" Msumari alilalamika akijifunika uso kwa karatasi yake. Sasa hata madiwani walikuwa wanajipangusa machozi.

"Mpishi hajaiba unga," Redio aliendelea. "Naomba mniadhibu mimi. Nilitaka makofi."

Yule diwani alimkazia macho. "Binti, umetudanganya mara moja. Unalo lolote la kweli la kutuambia?"

Redio hakuwa na karatasi tena. Alikuwa ameifinyanga ikawa kama tonge. Akasema tu lile alilokuwa akiliona kila mara bila kuliona la maana.

"Mvua zikinyesha, lori la unga linakwama, maana linatoka mbali. Siku hizo hakuna uji. Ikifika mapumziko, wadogo wa darasa la kwanza wanakwenda nyumbani, wala hawarudi. Mdogo wangu ni mmoja wao, na ninayemrudisha ni mimi. Na tukifika nyumbani tunamkuta baba amekaa na magunia ya mahindi. Anasema hayana mnunuzi, wadudu wanayamaliza." Aliwageukia madiwani. "Sasa mimi sielewi. Mahindi yako kwetu, na unga unatoka mbali. Kwa nini?"

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanatazamana.

Mwalimu wa darasa la kwanza alisimama. "Hilo la watoto kuondoka ni kweli tupu. Siku isiyo na uji, baada ya mapumziko nafundisha madawati."

"Na la mahindi ni kweli," baba alisema akisimama naye. "Nimekuja hapa kuomba mbolea, na bado naiomba. Lakini nikivuna magunia mara mbili na mnunuzi sina, nitakuwa nimewanenepesha wadudu tu."

Wakulima wakaitikia kwa sauti. Msumari naye akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi ni wa mbolea, lakini naomba kumuunga mkono Redio. Leo tu!"

Ikazuka zogo la furaha. Kila mtu alitaka kusema, na kwa mara ya kwanza waliokuja kwa ajili ya mbolea na waliokuja kwa ajili ya uji walikuwa wanavuta kamba upande mmoja. Madiwani hawakuamua papo hapo. Walimtuma bwana shamba akayakague mahindi, na yule diwani wa kufumba macho akaenda mwenyewe shuleni kuiona stoo. Alikuta unga umepangwa vizuri, akapewa kikombe cha uji, akaomba cha pili. Kisha uamuzi ukatoka: mbolea ingenunuliwa, japo si nyingi kama wakulima walivyotaka, na uji ungeendelea, ila mahindi yake yangenunuliwa kwa wakulima wa hapo hapo na kusagwa kwenye mashine ya mtaani. Diwani akamwomba mpishi radhi mbele ya walimu wote.

Asubuhi mikokoteni ya kwanza ya mahindi ilipopita kuelekea mashineni, baba akiwa juu ya mmoja kama bwana harusi, Redio alikuwa jikoni shuleni anaosha vikombe. Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa, na alikuwa anaifanya huku anasimulia habari za mtaa mzima.

"Mama," aliuliza ghafla, "umeshanisamehe?"

Mama aliendelea kukoroga. "Nikuambie kitu. Ukitaka uji uonekane mwingi, unaongeza maji. Sufuria inajaa, kila anayepita anasifia. Lakini mtoto akishakunywa, njaa iko pale pale. Maneno nayo ni vivyo hivyo. Pale ukumbini ulitia maji, watu wakashangilia, na nusura tukose uji wote. Uliposema ukweli hawakushangilia, lakini walishiba."

Redio alifikiri kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa geni.

"Kwa hiyo nipunguze kusema?"

"Nani kakwambia?" Mama alicheka. "Sema, mwanangu. Sema mpaka watu wazibe masikio. Ila kabla hujabandika sufuria, hakikisha unga upo."