Kurasa Alizoziruka Malaika

Kila alipotoka shule, Malaika alipitia maktaba ya parokia, akabadilisha kitabu, kisha akapanda njia ya kwao, mtaa wa mlimani uitwao Kasha. Alikuwa amejiapiza kuvisoma vitabu vyote vya maktaba ile kabla ya kumaliza shule ya msingi. Alisoma akitembea, akasoma akimenya mihogo, na mara nyingi hakukumbuka alichokisoma juzi. Alisoma kama mtu anayemeza bila kutafuna.

Nyumbani alingojewa na babu yake, Koko Ezéchiel, mwalimu wa zamani ambaye sasa alikuwa kipofu. Mzee alikaa barazani, blanketi magotini, akisubiri kusomewa. Kitabu chao kilikuwa kinene, kisa cha mama aliyevuka milima kumtafuta binti yake. Malaika alikiona kirefu mno, na vingine vilikuwa vinamngoja. Basi akaanza kuruka kurasa.

Siku moja Koko alimkatiza.

"Malaika, ule mama alisha fika ku soko? Jana tulimuacha mu mvua, juu ya mulima."

"Alishuka, Koko."

"Alishuka na nani?"

"Yeye peke."

Mzee alivuta blanketi lake. "Aya. Soma tu."

Juma lilelile homa ilimshika Koko. Walimpeleka hospitali, na hakurudi tena akiwa hai. Kisa chao kilikuwa hakijaisha.

Watu walijaa nyumbani kwa matanga. Viti viliazimwa kwa majirani, wanawake wakapika uani, na nyimbo za kanisa zikaimbwa. Malaika alijifungia chumbani na kile kitabu, akazifungua kurasa alizoziruka. Humo, mvua ilipomshika mlimani, yule mama alikaribishwa na mzee kipofu. Mzee alimchomea mahindi, wakazungumza mpaka mvua ikakatika. Kisha mzee akamshika mkono, wakashuka pamoja, kwa kuwa miguu yake iliijua njia ile.

Malaika alilia kwa uchungu. Koko angeipenda sana sehemu hiyo, naye alikuwa amemnyima.

Mama yake, Maman Eulalie, alimkuta hapo. Malaika akamweleza yote.

"Koko alijua," mama alisema. "Aliniambia: 'Mutoto anaruka. Usimugombeze. Siku moja atarudilia zile kurasa.'"

"Nilitaka nimalize vitabu yote, maman."

Maman Eulalie aliketi kando yake kitandani.

"Vitabu ya muzuri haiwezi kuisha, mutoto wangu. Koko alisoma maisha yake yote, na ameacha mingi hata hajaifungua. Hakuna mutu atamaliza. Sisi tunaweza tu kusoma moja muzuri, polepole, na kuigawa na mutu tunamupenda. Na mutu mwenye anakuamini, usimudanganye. Pengine hautapata siku ya kurudilia."

Malaika alipangusa macho. "Naweza kumusomea sasa?"

Mama alimtazama, kisha akamshika mkono, wakatoka pamoja. Nyimbo ziliponyamaza, Malaika alisimama kando ya kiti kitupu cha Koko, akaanza kusoma pale walipomwacha yule mama kwenye mvua. Mara kwa mara alisita, akarudia mstari. Watu walimsubiri, naye hakuruka hata neno moja.